UZI: Order of the Coif na "jumuiya za heshima" za wanafunzi wa sheria Marekani. Zilitoka wapi, na zinapima nini hasa?

Kitabu Wazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ukipitia wasifu wa wanasheria waliosoma Marekani, chini ya shahada mara nyingi utakuta mstari mfupi: Order of the Coif, yaani jumuiya inayowatambua wahitimu bora wa sheria. Wengine wameandika Phi Delta Phi, wengine Order of Barristers. Huku kwetu mtu akiusoma mstari huo ama anaupita tu, ama anautukuza kupita kiasi. Nimefungua uzi kwa sababu vitu hivi havilingani hata kidogo, na ukitaka kujua kipi ni kipi inabidi uangalie hesabu iliyo nyuma ya jina.

Tuanze na mkubwa wao. Coif ni kofia, basi. Kikofia cheupe cha kitani au hariri, kinachobana kichwa, kilichovaliwa na mawakili wa Uingereza walioitwa masajini wa sheria (usiwachanganye na sajini wa polisi). Tangu zama za kati hawa ndio waliokuwa kileleni mwa uwakili wa kule. Mahakama ya Common Pleas, iliyosikiliza kesi za ardhi na madeni kati ya raia na raia, ilikuwa shamba lao peke yao: hadi 1846, wakili asiye sajini hakuwa na haki ya kusimama pale kutetea shauri majaji wakiwa wamekaa rasmi. Jaji wa mahakama kuu za Westminster naye ilibidi kwanza awe sajini ndipo apande kitini, na ndiyo maana majaji na masajini waliitana "ndugu". Sajini mpya aligawa pete za dhahabu zilizochongwa maneno ya Kilatini, ya kwanza ikienda kwa mfalme. Na kofia ile, kwa desturi yao, haikuvuliwa hata mbele ya mfalme. Wigi zilipoingia karne ya 17 kofia ikafunikwa na nywele za bandia, kikabaki kiraka cha duara utosini cha kukumbushia tu.

Kilichowaua ni sheria ya 1873 iliyopanga upya mahakama za Uingereza. Iliondoa sharti la jaji kuwa sajini, na mlango wa ujaji ulipofunguka kwa wengine, nani tena angehangaika kuutafuta usajini? Mwaka 1877 wakauza jengo lao, Serjeants' Inn, wakagawana fedha. Lord Lindley, wa mwisho wao upande wa England, alifariki 1921.

Wamarekani wakaliokota jina. Mwaka 1902, University of Illinois, kilianzishwa chama cha wanafunzi bora wa sheria kikiitwa Theta Kappa Nu. Herufi za Kigiriki zilikuwa mtindo wa vyuo vyao tangu Phi Beta Kappa ya 1776 pale College of William and Mary. Northwestern nao, hapohapo jimboni Illinois, wakawa na chama chao kilichobeba jina la Coif. Baadaye vikaungana, jina la kofia likashinda la Kigiriki.

Leo masharti makuu ni manne. Chuo chako kiwe na tawi la Coif. Uwe unahitimu JD, shahada ya kwanza ya sheria kwa mfumo wao. Uwe ndani ya asilimia 10 ya juu ya wahitimu wa mwaka wako. Na angalau asilimia 75 ya masomo yako ya sheria yawe yamepewa alama, maana yake si ya "amefaulu/amefeli".

Karibuni wajuzi.

---

Mnazi Mmoja

Nimeweka kigoda. Swali la haraka mkuu: hiyo asilimia 10 ni GPA (wastani wa alama) ya ngapi?

---

Nukta Pacha

@Mnazi Mmoja hakuna GPA. Hapo ndipo wengi wetu tunapotelea, kwa sababu tumezoea madaraja ya kudumu. Tanzania First Class ni 4.4 hadi 5.0, na darasa zima likifika 4.4 wote ni First Class. Mwaka mwingine anaweza asipatikane hata mmoja. Kipimo kimesimama palepale, watu ndio wanaokifikia au kukikosa.

Coif inapanga watu foleni. Haijali umepata ngapi, inajali wangapi wako mbele yako. Halafu vyuo vingi vya sheria vya Marekani vinamlazimisha mwalimu kusahihisha kwa wastani uliopangwa, tuseme darasa zima liangukie karibu na B+. Kwa hiyo hata alama yenyewe ni foleni ndani ya foleni. Mwanafunzi anaweza kujua somo vizuri kabisa akapata B+ kwa sababu waliomzunguka wanalijua vizuri zaidi.

Kwa hiyo ukiulizwa "Coif ni sawa na First Class?", jibu ni hapana. Hakuna jedwali la kubadilisha moja kuwa nyingine.

---

Hesabu Haidanganyi

Naongezea kwa tarakimu, maana ugomvi wote huzaliwa kwenye namba ya kugawia.

Chukua chuo chenye wahitimu 187. Asilimia 10 ni 18.7. "Ndani ya asilimia 10" ukiisoma kwa ukali ni watu 18, wa 19 yuko nje. Mwaka unaofuata wanahitimu 142, nafasi ni 14. Yule wa 15 mwaka huu pengine ana alama kubwa kuliko wa 18 wa mwaka jana, lakini amekosa. Hajaonewa na mtu, darasa ndilo lilikuwa dogo.

Tena wahitimu wa mwaka mzima ndio wanaohesabiwa. Aliyemaliza Desemba, aliyemaliza Mei, na wa kiangazi, wote kapu moja. Ndiyo maana vyuo vingi haviwezi kutangaza orodha siku ya mahafali. Alama za muhula wa mwisho hazijaingia zote, na ofisi ya msajili haijafunga hesabu. Barua huja baadaye. Kwa hiyo mtu anayeandika "Coif" kwenye wasifu wake wakati bado yuko mwaka wa 3, muulize vizuri.

---

Binti Mizani

Sharti la asilimia 75 ndilo linalokata watu bila wao kujua, naomba tulikalie kidogo.

JD ni miaka 3 kwa anayesoma muda wote. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kinataka si chini ya krediti 83 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Vyuo vingi viko juu kidogo ya hapo. Tuseme chuo chako kinadai 88. Asilimia 75 ya 88 ni 66. Unabakiwa na krediti 22 tu za kutumia kwenye vitu visivyo na alama.

22 inaonekana nyingi, sivyo? Sasa tuitumie. Kliniki ya msaada wa kisheria krediti 6, na baadhi ya vyuo haitolewi alama. Muhula wa kufanya kazi kwa jaji au taasisi ya umma, 10 au 12. Kuhariri jarida la sheria la chuo, 2 kwa mwaka, miaka miwili ni 4. Mahakama ya mfano (kutetea kesi za kubuni) 2. Hapo umeshafika 22 au 24, na hujaweka muhula wa kusoma nchi nyingine, ambao mara nyingi unarudi kwenye rekodi kama "amefaulu" tu.

Matokeo yake ni kichekesho fulani: mwanafunzi aliyejifunza uwakili kwa vitendo zaidi ya wenzake anakosa heshima ya kitaaluma, ilhali aliyekaa ukumbini na mitihani ya saa tatu anaipata. Mimi naona hilo ni kasoro ya kigezo, lakini kigezo ndicho hicho.

Anayehama chuo baada ya mwaka wa 1 awe macho zaidi. Krediti kama 30 za chuo cha kwanza kwa kawaida zinahamia bila alama zake kuingia kwenye wastani mpya. Kama chuo kipya kinazihesabu kuwa zisizo na alama, 58 kati ya 88 ni asilimia 66 hivi, na safari imeishia hapo. Vyuo vinatofautiana katika kulitafsiri hili, kwa hiyo swali liulizwe kwa msajili kabla ya kusaini uhamisho.

---

Kiguu na Njia

Na muhula wa Corona je? Majira ya kuchipua 2020 vyuo vingi vya sheria kule viliweka masomo yote "amefaulu/amefeli" kwa lazima.

---

Binti Mizani

@Kiguu na Njia huo ndio mfano mzuri wa foleni kuvurugika. Muhula mmoja ni krediti 14 hadi 16, karibu asilimia 17 ya shahada. Zikitoka zote kwenye hesabu, aliyeanza vibaya muhula wa kwanza akategemea kupanda wa pili amenyimwa ngazi, na aliyeanza vizuri amegandishwa juu. Kwa waliokuwa mwaka wa 1 wakati ule, nafasi darasani ya kuombea kazi ilisimama juu ya mitihani ya muhula mmoja tu.

---

Pwani Legal

Mnaisifia hesabu, mimi nauliza faida. Makampuni makubwa ya mawakili kule yanamchagua mwanafunzi wa kazi ya kiangazi akiwa ndiyo kwanza amemaliza mwaka wa 1, na kazi hiyo ya kiangazi ndiyo inayogeuka ajira. Coif inakuja miaka miwili baadaye. Sasa ni ya nini?

---

Kitabu Wazi

@Pwani Legal umegonga penyewe. Kwa ajira ya kwanza haina msaada wa moja kwa moja. Anayeajiri wakati ule anaangalia alama za mwaka wa 1 na nafasi darasani. Ukarani wa jaji wa shirikisho (kumsaidia jaji kutafiti na kuandika hukumu) nao, kwa wanaofuata ratiba ya pamoja, maombi yanaangaliwa baada ya mwaka wa 2. Orodha ya Coif bado haijazaliwa.

Inafanya kazi baadaye. Vyuo vingi vya kule havitangazi nafasi ya kila mwanafunzi, au vinatangaza za wachache wa juu tu. Ikipita miaka 8 mtu anataka kuhamia kampuni nyingine, au kufundisha chuoni, au kuomba ukarani mahakama ya juu zaidi, nani atakumbuka wastani wa 3.71 ulikuwa na maana gani kwa chuo kile mwaka ule? Mstari mmoja unamwambia msomaji: huyu alikuwa ndani ya kumi ya juu kati ya kila mia. Haufifii. Hata namba zenyewe zikisahaulika, unabaki.

Kusudi la pili ni la vyuo. Tawi halitolewi kwa kuomba tu. Chuo kinakaguliwa: walimu wake wanaandika nini, maktaba ikoje, viwango vya kudahili vikoje, ndipo kikubaliwe. Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na ABA ni karibu 200, matawi ni 80 na kitu. Kwa hiyo chuo chenyewe nacho kinajivunia kuwa na tawi.

---

Mjukuu wa Kogelo

Hapo kwenye matawi, kwa wale wanaodhani kila kigogo lazima awe na Coif: Harvard haina tawi. Barack Obama alihitimu sheria pale 1991 na magna cum laude, heshima ya Kilatini ya chuo chenyewe, na 1990 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa Harvard Law Review, jarida la sheria la chuo hicho linaloendeshwa na wanafunzi. Coif hana na hakuweza kuwa nayo. Kukosa mstari ule kwenye wasifu si ushahidi wa chochote mpaka ujue kama chuo kina tawi.

---

Nukta Pacha

Sahihi, na umetukumbusha jarida. Tukisema ukweli, ndani ya soko la kule uanachama wa jarida kuu la sheria la chuo una uzito kuliko jumuiya nyingi za heshima, japo lenyewe si jumuiya ya heshima.

Linavyoingiwa: mitihani ya mwaka wa 1 ikiisha Mei, yanafuata mashindano ya uandishi. Unapewa furushi la kesi na makala, unaambiwa usitafute kitu nje ya furushi, unaandika maoni ya kurasa chache ndani ya siku au wiki mbili hivi kutegemea chuo. Pamoja na hayo kuna zoezi la kuhariri tanbihi zilizopachikwa makosa kwa makusudi: nukta iliyokaa vibaya, kifupisho cha mahakama kisicho sahihi, italiki mahali pasipotakiwa. Jina halionekani, ni namba tu. Vyuo vingine vinachanganya maandishi na alama za mwaka wa 1, vingine maandishi peke yake.

Wengi wanaanguka kwenye tanbihi. Wanatumia muda wote kupamba hoja, wanabakisha saa mbili za tanbihi 40, wakati zoezi hilo lina alama zake na halina ubishi: kosa umeliona au hukuliona.

---

Mwanagenzi

Hizi nyingine mbili alizotaja mleta mada mbona hazijaguswa? Phi Delta Phi na Barristers.

---

Hesabu Haidanganyi

Phi Delta Phi ni ya zamani kuliko Coif, ilianza University of Michigan 1869. Lakini kwa zaidi ya miaka 140 haikuwa jumuiya ya heshima. Ilikuwa udugu wa wanafunzi wa taaluma: unaalikwa, unaapa, unakuwa na wenzako maisha yote. Matawi yake yanaitwa "inn", kwa kuiga nyumba za mawakili za London. Mwaka 2012 ikajibadilisha rasmi kuwa jumuiya ya heshima yenye kigezo cha alama, ila kigezo chake ni kipana kuliko asilimia 10. Hivyo mtu akiandika Phi Delta Phi, mwaka wa kuingia una maana. Wa 1985 anakuambia alikuwa na marafiki, wa 2015 anakuambia alikuwa na alama.

Phi Alpha Delta bado ni udugu wa taaluma. Ni mtandao mzuri, lakini haujapima kitu.

Order of Barristers ilianzia University of Texas miaka ya 1960 kisha ikawa ya nchi nzima. Hii haigusi mitihani. Inawatambua wanaohitimu waliofanya vizuri kwenye mahakama ya mfano na kesi za maigizo, hadi watu 10 kwa chuo kwa mwaka. Kwa wanaotaka kusimama mahakamani, mimi ningeiheshimu hii kuliko ile ya kofia, lakini hilo ni langu.

---

Pwani Legal

La kofia nina mchapo. Kofia yetu na coif yao yanasikika kama ndugu, na kuna wanaisimu wanaoyarudisha kwenye neno moja la Kilatini cha baadaye lililopita kwa Waarabu. Wengine wanasema hapana, la Kiarabu limetoka mji wa Kufa, Iraki. Kwa vyovyote, sajini aliyegoma kuvua kofia mbele ya mfalme angeelewana vizuri na wazee wa Lamu.

---

Mwanagenzi

😂 Haya. Swali la mwisho na ndilo lililonileta. Watu wengi kutoka huku wanakwenda kule kusoma LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ya mwaka mmoja. Wanaweza kupata Coif?

---

Kitabu Wazi

Hapana. Asilimia 10 inapigwa kwa wanaohitimu JD. Mwenye LLB (shahada yetu ya kwanza ya sheria) ya Dar au Nairobi akienda LLM hayumo kwenye foleni hiyo kabisa, hata akiwa wa kwanza kati ya wana-LLM wote.

Kuna mlango wa pembeni: tawi linaweza kumchagua jaji au mwanasheria mashuhuri kuwa mwanachama wa heshima. Anayeupata kwa njia hiyo anatakiwa aandike hivyohivyo, "mwanachama wa heshima", pamoja na jina la tawi na mwaka. Kwa hiyo ukiona LLM pekee ya Marekani na chini yake Order of the Coif bila maelezo, ni halali kuuliza. Kuthibitisha hakuna ugumu: vyuo vingi huchapisha majina kwenye kitabu cha mahafali cha mwaka unaofuata au kwenye tovuti, na msajili hujibu barua pepe ya mwajiri mwombaji akitoa idhini.

Mwana-LLM ana vyake. Heshima za chuo kwa LLM, tuzo ya somo, na ile tuzo ya CALI inayokwenda kwa aliyepata alama ya juu kabisa darasani katika somo moja. Kama chuo kinairuhusu kwa LLM, ina nguvu, kwa sababu hapo unakuwa umeshindana na wa JD kwenye mtihani uleule.

---

Dada Hakimu

Niongeze tahadhari kwa wanaokwenda. Utapokea barua pepe za "umeteuliwa" kutoka jumuiya za majina makubwa. Angalia nani kakuteua. Zile za kweli, chuo ndicho kinachopiga hesabu na chuo ndicho kinachokuandikia. Hakuna fomu ya kuomba Coif, hakuna mahali pa kupakia rekodi yako ya masomo, na hakuna tarehe ya mwisho ya kulipia ili "usipoteze nafasi". Barua ikikutaka ulipe kwanza ndipo uambiwe kigezo, hiyo ni biashara ya vyeti vya ukutani.

Na kwa wanaorudi kuomba kazi huku: usiandike "Order of the Coif" ukaacha hapo. Afisa ajira wa Dodoma au Mombasa hana sababu ya kuijua. Andika "Order of the Coif (asilimia 10 ya juu ya wahitimu wa JD, 2023)". Barristers, andika "kwa utetezi wa mahakama ya mfano". Upande wa pili vilevile, anayepeleka First Class yake Marekani aweke ukubwa wa darasa na idadi ya waliopata daraja hilo kama chuo kinampa barua ya kuthibitisha. Msomaji wa kule anatafuta foleni. Bila namba hiyo, 4.5 yako ataisoma kama namba ya kiatu.

---

Mnazi Mmoja

Nimenyanyua kigoda, nimeshiba. @Binti Mizani hilo la krediti 22 nalipeleka kwenye kundi la wanaoondoka Agosti, wengi wameshajaza kliniki na muhula wa nje pamoja.

---

Binti Mizani

Wapelekee. Lakini wasifute kliniki kwa ajili ya kofia. Waombe kwa msajili orodha ya masomo yasiyo na alama, wajumlishe, na kama wamevuka, waangalie kama kliniki yenyewe ina chaguo la kupewa alama. Vyuo vingine vinalo, na dirisha la kulibadilisha huwa ni wiki za mwanzo wa muhula tu.